Machale yanakujua wewe, dunia hayaijui: tuyafuate lini kwenye maamuzi mazito?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mtu akileta jambo zito mbele za watu, iwe ndoa, kuacha kazi, kuhamia mbali na ndugu au kuweka akiba yote kwenye biashara, majibu huja ya aina mbili. Wa kwanza watamwambia asikilize moyo wake, moyo haudanganyi. Wa pili watamwambia aweke hisia pembeni, apige hesabu. Mwenye shida anaondoka na mzigo uleule aliokuja nao, pengine umeongezeka, maana sasa ana kambi mbili za kuridhisha.

Nimelifuatilia suala hili kwa miaka, kwa sababu nimeona watu ninaowapenda wakiumizwa na kila moja ya kauli hizo. Leo nina msimamo na nauweka hapa muupige msasa.

Naamini machale ni shahidi mzuri wa habari zako wewe mwenyewe, na shahidi dhaifu wa dunia ambayo hujawahi kuiishi. Yaulize kama unaweza kuishi na mtu fulani bila kujificha, yatakujibu vizuri. Yaulize kama biashara ambayo hujawahi kuigusa itasimama, nayo yatakujibu, tena kwa uhakika uleule, ila safari hii yanabahatisha. Tunaumia kwa sababu majibu yote mawili yanasikika sawa kifuani.

Nianze na wanaotaka hisia zikae pembeni. Antonio Damasio, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, alimchunguza mgonjwa mmoja aliyempa jina la Elliot ili kumficha. Elliot alikuwa mume na baba, kazini anategemewa. Akaota uvimbe kwenye ubongo, sehemu ya mbele juu ya macho. Uvimbe ukatolewa pamoja na nyama ya ubongo iliyokuwa imeharibika, akapona. Alipopimwa akili alifaulu: kumbukumbu nzuri, lugha nzuri, hesabu nzuri. Kilichopungua ni hisia. Aliweza kusimulia mikasa iliyompata kana kwamba anasoma habari za mtu baki.

Kama hisia ndizo zinazoharibu maamuzi, Elliot angekuwa mwamuzi bora kuliko sisi sote. Kumbe kazini aliweza kumaliza mchana mzima akitafakari apange nyaraka kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa mada. Akapoteza kazi. Akaingia biashara na mtu mwenye sifa mbaya huku marafiki wakimwonya, akafilisika. Ndoa ikavunjika, akaoa tena mke ambaye ndugu na marafiki hawakumkubali, nayo ikavunjika. Hesabu alizijua zote. Hakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia "hili lina uzito, lile halina", na bila uzito orodha ya sababu haina mwisho.

Sasa niwageukie wanaosema moyo haudanganyi. Damasio na wenzake, akiwemo Antoine Bechara, walitunga mchezo wa karata wenye mafungu manne. Mawili yanalipa donge nono kila ukifunua, lakini hasara zake zinakula faida yote na zaidi. Mawili yanalipa kidogo, ila ukidumu nayo unatoka na faida. Mchezaji haambiwi. Wakati anacheza, jasho la viganjani linapimwa kwa kifaa. Mwaka 1997 walichapisha walichokiona: watu wenye ubongo mzima walianza kutokwa na jasho kidogo kila walipotaka kugusa mafungu mabaya, na wakaanza kuyakwepa, kabla hawajaweza kueleza ni kwa nini. Wenye jeraha kama la Elliot hawakutoa jasho hilo, na baadhi yao waliendelea kuchagua vibaya hata baada ya kuelewa mchezo unavyokwenda.

Watu wengi wakisimulia utafiti huu huishia hapo na kushangilia: mwili unajua kabla ya akili! Mimi naomba turudi kwenye karata za kwanza kabisa. Kabla ya hasara kuanza kuuma, wachezaji walivutiwa na mafungu gani? Yaleyale mabaya, kwa sababu ndiyo yanayolipa donge nono. Mwili ulijifunza baada ya kupigwa. Kwenye mchezo unapigwa mara kadhaa na bado karata zimebaki mkononi. Kwenye ndoa, kwenye mkopo mkubwa, kwenye kuhama nchi, mara nyingi uko kwenye karata ya kwanza. Moyo unaokwambia "hili ndilo" huenda umeona donge nono tu.

Kuna luteni wa zimamoto ambaye habari zake zilikusanywa na mwanasaikolojia Gary Klein. Aliingia na kikosi chake kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua upande wa jikoni. Wakamwaga maji, moto haukusikia. Sebuleni joto lilikuwa kali kuliko moto wa jikoni unavyostahili, na kimya kilikuwa kingi mno. Akaamuru wote watoke, hajui kwa nini. Muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama iliporomoka: moto wenyewe ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya nyumba ambacho hakujua kama kipo. Yeye mwenyewe alidhani ana kipaji kisicho cha kawaida. Klein akamchimba kwa maswali, ikaonekana kila kitu kilitokana na kazi: alikuwa amezima mioto mingi kiasi kwamba mwili wake ulijua moto wa jikoni unatakiwa uweje, na huu haukuwa hivyo.

Klein aliamini sana machale ya wazoefu. Mwanasaikolojia mwenzake Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi machale yanavyotupotosha. Wakakaa pamoja miaka kadhaa wakibishana kwa heshima, na mwaka 2009 wakatoa makala ya pamoja wakisema wamekubaliana kuhusu masharti mawili. Machale yanaaminika pale ambapo jambo lenyewe lina utaratibu unaojirudia, na pale ambapo wewe umelifanya mara nyingi ukapata majibu ya haraka kwamba umepatia au umekosea. Muuguzi wa watoto njiti anatimiza masharti hayo. Mtabiri wa bei za hisa hatimizi, hata akiwa na miaka thelathini kazini.

Weka masharti hayo juu ya maamuzi yetu mazito. Umeoa au kuolewa mara ngapi? Umehama nchi mara ngapi? Majibu huja baada ya miaka, na yakija yamechanganyika na mambo mengine mia. Kwa kipimo hicho moyo ungepaswa kunyamaza kabisa. Ila kuna jambo moja ambalo kila mmoja wetu amelifanya kila siku tangu azaliwe na majibu akayapata papo hapo: kuwa yeye. Unajua ukikaa na nani unaongea kwa uhuru. Unajua kazi gani inakufanya usahau saa. Kwenye hayo wewe ndiye luteni.

Nikikaa na mtu mwenye uamuzi mzito, namwomba kwanza autenganishe vipande viwili. "Niolewe naye?" ina ndani yake "nikiwa naye mimi ninakuwa nani?" na pia "je, madeni yake ni kiasi gani, na anasema kweli kuhusu watoto wake?" La kwanza aulize kifua chake. La pili aulize watu na makaratasi.

Karibuni.

Peni na Karatasi

Mkuu, uzi mzito, asante. Ila naona umeacha mlango wazi mno kwa moyo.

Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, mwaka 1772 alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley, aliyekuwa amekwama kwenye uamuzi. Akamwambia agawe karatasi nusu kwa nusu, upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa, aziongeze kwa siku tatu au nne kadiri zinavyomjia, kisha afute zinazolingana uzito hadi upande mmoja ubaki. Uzuri wake ni kwamba leo unakumbuka sababu hizi, kesho unakumbuka zile, na bila karatasi unaamua kwa zile zilizokujia mwisho. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe, naye mwaka 1838 aliandika safu mbili, kuoa na kutooa, na Januari 1839 akamwoa Emma.

Jambo jingine. Huo mchezo wa karata umepingwa. Mwaka 2004 watafiti Tiago Maia na James McClelland waliurudia kwa kuwauliza wachezaji maswali mengi na ya kina zaidi, wakakuta wachezaji walikuwa tayari wanajua kwa akili zao mafungu yapi ni mazuri. Kwa hiyo ile "mwili unajua kwanza" isishikwe kama msahafu. Huenda watu wanajua, ila hawakuulizwa vizuri.

Mleta uzi

Mkuu Peni na Karatasi, pingamizi la 2004 nalikubali, na halinivunji moyo. Linasema kwamba machale mara nyingi ni maarifa ambayo hayajaulizwa vizuri. Hilo linatupa kazi ya kufanya: mtu akisema "moyo unakataa", tumuulize hadi maarifa yatoke. Klein alimfanyia hivyohivyo yule luteni.

Kuhusu karatasi ya safu mbili, naipenda kwa kukusanya. Kwa kuamua nina shaka nayo. Mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake mwaka 1993 walifanya jaribio dogo ambalo huwa nalirudia kwa kila mtu. Wanafunzi walipewa wachague picha ya ukutani wakae nayo nyumbani. Kundi moja liliambiwa kwanza liandike sababu za kupenda au kutopenda kila picha. Jingine lilichagua tu. Wiki chache baadaye waliulizwa: walioandika sababu walikuwa wameridhika kidogo kuliko wenzao. Sababu zinazoandikika kirahisi si lazima ziwe ndizo zenye uzito. Kwenye karatasi "mshahara mkubwa" inakaa mstari mmoja, na "nikiingia mle ndani nashindwa kupumua vizuri" nayo mstari mmoja, halafu mtu anazifuta kama zinalingana.

Mtazame Darwin wako. Kwenye upande wa kutooa aliandika mambo ya maana kabisa: uhuru, muda, fedha za vitabu. Kilichomvuta upande wa pili ni kujiona akimaliza maisha yake yote kama nyuki asiye na kizazi, kazi, kazi, na mwisho hakuna kitu. Aliwaza picha hiyo, akaona haikubaliki. Karatasi ilimsaidia kufika kwenye picha, na picha ndiyo iliyoamua.

Shangazi Mtulivu

Wanangu, mmeongea vizuri lakini mmeliruka jambo ambalo kwa sisi wanawake ni la uhai. Kuna machale ya uamuzi na kuna machale ya usalama. Mwanamke akiingia kwenye lifti akaona mtu na mwili ukasisimka, asianze kutenganisha vipande viwili. Atoke. Binti akiwa kwenye uchumba, mwenzake akakasirika, akaona uso ambao haujui, mwili ukamwambia "huyu atanipiga", asisubiri ushahidi. Wengi wanaofundishwa kuwa wapole, wasimkwaze mtu, wamefundishwa kunyamazisha kitu hicho hicho kilichokuwa kinawalinda.

Mleta uzi

Shikamoo Shangazi. Umenirekebisha mahali panapohitaji kurekebishwa. Kwenye usalama hesabu ni tofauti: ukiondoka bure, umepoteza heshima ya dakika chache, ukibaki ukawa umekosea, hakuna cha kurudisha. Hapo machale hayahitaji hata kuwa sahihi mara nyingi ili yafae kufuatwa. Natamani kila anayesoma uzi huu alichukue hilo hata kama mengine atayaacha.

Na linatupa kanuni ndogo kwenye mambo mengine pia. Machale yanayosema "simama" yanastahili masikio zaidi kuliko yanayosema "nenda", kwa sababu kusimama kwa muda mara nyingi kunaweza kurudishwa. Anayekusukuma uamue leo hii, kabla hujalala, anajua kwamba ukilala utaamka na maswali.

Usiku Mkuu

Swali langu ni rahisi lakini linanitesa. Nitajuaje kama hii ni hofu yangu ya kawaida au ni machale? Mimi huogopa kila kitu kipya. Kila mtu ananiambia eti hofu inapiga kelele na machale yanaongea kwa utulivu. Kwangu vyote vinapiga kelele.

Shangazi Mtulivu

Mwanangu, mimi nimekaa na watu wenye majonzi na mashaka kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, naomba nikujibu. Hiyo kanuni ya kelele na utulivu iache. Mwenye wasiwasi wa muda mrefu hana mahali patulivu pa kulinganisha, na kumwambia atafute sauti tulivu ni kumwongezea mtihani mwingine wa kufeli.

Tazama badala yake kama hisia hiyo inaelekeza kidole mahali. Hofu ya kawaida inasema "itaharibika, utaaibika, huwezi", na itasema hivyo kwa kazi hii, kwa ile na kwa nyingine. Maneno ni yaleyale, jambo ndilo linalobadilika. Machale yenye habari yanasema kitu cha jambo hili tu: "alipoulizwa kuhusu ndugu yake alibadilisha mada." Ukiweza kumalizia sentensi "nasita kwa sababu niliona au nilisikia…" kwa kitu ambacho kweli kilitokea, shika hapo.

Kisha uutazame mwili kabla ya kuulaumu moyo. Umelala? Umekula? Umetoka kugombana na mtu? Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha utafiti walioufanya kwenye daraja refu linaloning'inia na kuyumba juu ya bonde la Capilano, Kanada. Msichana aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka, akawauliza maswali, akawaachia namba ya simu. Akafanya vivyo hivyo kwenye daraja imara lililo chini. Waliompigia baadaye walikuwa wengi zaidi kutoka daraja la kuyumba. Mioyo yao ilikuwa inadunda kwa sababu ya kimo, wakadhani inadunda kwa sababu yake. Ndiyo maana mapenzi yanayozaliwa katikati ya misukosuko huonekana makubwa sana. Mpendane kwanza kwenye siku za kawaida, zile za kukaa tu bila jambo, halafu uulize moyo.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya matusi, mwili wake umefundwa na nyumba hiyo. Akikutana na mtu mpole, anayetimiza ahadi, mwili unasema "hapana mvuto hapa". Akikutana na mtu wa kupanda na kushuka, leo asali kesho shubiri, mwili unasema "nimefika nyumbani". Ni kweli amefika nyumbani. Mleta uzi amesema machale yanakujua wewe. Naongeza kwamba yanakujua wewe pamoja na majeraha yako, na hayakutenganishii. Kwa mtu wa namna hii, kuambiwa "fuata moyo" ni kurudishwa alikotoka. Atafute mtu mmoja anayemjua na asiyefaidika na uamuzi wake, ikiwezekana mtaalamu, akae naye kwa muda. Machale yanaweza kufundwa upya, nimeyaona yakifundika, lakini kwa kuishi mazuri mara nyingi, si kwa kuambiwa.

Mleta uzi

Shangazi, hiyo aya ya mwisho ni kubwa kuliko uzi wangu. Nakubali kwamba msimamo wangu wa mwanzo ulikuwa unamfaa zaidi mtu aliyelelewa salama.

Nahodha Mstaafu

Nichangie kuhusu wanaokwama kabisa, maana hapa tunaongea kama vile shida ya watu ni kuamua haraka. Wengi shida yao ni kutoamua. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mchumi Steven Levitt aliweka tovuti ambayo mtu aliyekwama angeweza kuingia na kurusha sarafu ya kompyuta: niache kazi au nisiache, niachane naye au nisiachane. Sarafu zaidi ya 20,000 zilirushwa. Wapo walioitii na wapo waliopuuza, lakini walioangukiwa na upande wa "badilisha" walibadilisha kweli kwa wingi kuliko wenzao. Baada ya miezi sita, kwa maamuzi makubwa, waliobadilisha walikuwa na furaha zaidi kuliko waliobaki palepale. Na kwa kuwa sarafu ndiyo iliyowasukuma, huwezi kusema ni kwa vile wenye bahati ndio waliobadilisha.

Nasoma hivi: ukifika mahali pa kurusha sarafu, tayari kuna kitu ndani kimeshaondoka. Tunabaki kwa mazoea tukijiambia tunabaki kwa busara.

Peni na Karatasi

Nahodha, hapo tuwe waangalifu. Waliorusha sarafu ni watu waliokuwa wamesimama katikati kabisa. Matokeo hayo hayamhusu mtu aliyeridhika na kazi yake ambaye kaamka vibaya Jumatatu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Nahodha Mstaafu

Sawa kabisa, mkuu. Nasema na waliokwama miaka, siyo wenye Jumatatu mbaya.

Njiapanda

Wakuu, nimesoma yote, naomba nilete langu, mnisaidie kwa vitendo. Nimepata kazi mbali na nyumbani. Mshahara mkubwa kuliko wa sasa, nyumba juu yao, cheo kinapanda. Mwenzangu amekubali, wazazi wamebariki. Karatasi ya Peni na Karatasi nimeijaza, upande wa kwenda umejaa hadi chini. Lakini kila nikishika kalamu nisaini, mkono unakuwa mzito. Wanasubiri jibu. Nisaini?

Mleta uzi

Mkuu Njiapanda, usisaini leo na usikatae leo. Waombe muda kidogo kwa maandishi, mwajiri wa kweli haondoi kazi kwa sababu ya siku chache.

Halafu nikuombe ufanye jambo ambalo Kahneman alilifanya mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 21 jeshini, Israeli. Alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walikuwa wakiongea na kijana, kisha wanatoa hukumu ya jumla kwa kumhisi, na hukumu hizo zilikuwa hazitabiri chochote cha maana. Akawapa sifa sita, kila moja na maswali yake ya mambo yaliyotokea kweli, wape alama moja baada ya nyingine, wasihukumu mapema. Wasaili wakalalamika kwamba wanageuzwa mashine. Basi akawaambia wakimaliza zote sita wafumbe macho, wamwone kijana yule akiwa askari, watoe alama moja ya moyoni. Ilipokuja kupimwa, jumla ya alama sita ilikuwa bora sana kuliko hukumu za zamani. Na ile alama ya kufumba macho ilikuwa nzuri sawa na jumla ya sita. Machale yaleyale yaliyokuwa hayafai yalifaa baada ya kulishwa habari kwa utaratibu.

Kwa hiyo: andika mambo machache yanayobeba kazi hii, kama bosi wako wa moja kwa moja, kazi yenyewe ya kila siku, maisha ya mwenzako huko, njia ya kurudi ikishindikana. Kila moja lipe alama kwa unachokijua, siyo unachotumaini. Ukimaliza, fumba macho ujione Jumanne ya kawaida mwezi wa nne kule, saa nne asubuhi. Utuambie mkono unakuwa mzito kwenye kipande gani.

Njiapanda

Nimerudi. Nimefanya.

Umbali haunitishi, nilidhani ndio. Kazi yenyewe naitaka, nikiiwaza nachangamka. Uzito ulikuja nilipofika kwa bosi. Nikalazimisha ile sentensi ya Shangazi, "nasita kwa sababu niliona…", ikatoka: kwenye usaili kulikuwa na vijana wake wawili, na kila walipofungua mdomo aliwakata. Mmoja alianza sentensi ileile mara kadhaa, mwishowe akanyamaza akatazama meza. Mimi wakati ule nilikuwa nahangaika na majibu yangu, sikulitilia maanani. Kumbe nililiona. Na nimewahi kufanya kazi chini ya mtu wa namna hiyo, najua nilikuwaje nyumbani miaka ile, mwenzangu anajua zaidi.

Shangazi Mtulivu

Basi mwanangu, moyo wako haukuwa unakataa kazi. Ulikuwa unamkataa mtu mmoja. Hayo ni mambo mawili, na la pili linaweza kuulizwa. Watafute walioondoka kwenye kitengo hicho, siyo waliopo. Waulize swali moja la jambo lililotokea: "mara ya mwisho ulipompinga, ilikuwaje?" Usiwaulize kama ni bosi mzuri, watakupa adabu badala ya habari.

Peni na Karatasi

Naongeza: uliza kama kuna kitengo kingine chenye nafasi ya cheo hichohicho. Ukiwa bado hujasaini ndipo una nguvu ya kuuliza.

Njiapanda

Nimempata mmoja aliyeondoka, tumeongea kwa simu muda mrefu. Aliyoyasema yanafanana na niliyoyaona, na mengine sitayaandika hapa. Mwenzangu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Simu ilipokatika akasema hataki niende chini ya mtu huyo nikarudi tena kuwa vile.

Nimewaandikia waajiri kwamba kazi naitaka, sehemu naitaka, ila naomba kitengo cha pili ambacho nacho kinatafuta mtu, hata kwa mshahara mdogo kidogo kuliko waliotaja. Wamesema watakaa wanijibu. Wakikubali tunahama. Wakikataa nabaki hapa nilipo, na mwenzangu tumeshakubaliana hivyo.